Je, Wajua? Kwa Nini Mfalme Arthur Alipanda Vifuu vya Nazi Badala ya Farasi

Siku ukimaliza kukuna nazi, usivitupe vifuu. Shika kimoja kila mkono, midomo ikitazama chini, uvigonge sakafuni kwa zamu: ko-kop, ko-kop, ko-kop. Aliye chumba cha pili ataapa kuna farasi uani. Kama uko Lamu atadhani ni punda, na wala hatakuwa amekosea sana.

Mwaka 1975 mlio huo uliwachezea shere watazamaji wa Monty Python and the Holy Grail, filamu ya kuchekesha kuhusu Mfalme Arthur wa hadithi za kale za Uingereza. Ukungu umetanda, kwato zinakaribia, kila mtu anangoja farasi. Anatokea Mfalme Arthur akirukaruka kwa miguu yake mwenyewe, mikono imeshika hatamu zisizokuwepo, na nyuma yake mpambe kabeba mizigo huku anagonga vifuu viwili. Farasi hayupo, na filamu nzima mfalme hatampata.

Kwa nini? Pesa. Monty Python walikuwa wachekeshaji sita waliojipatia jina kwenye televisheni ya BBC, lakini studio za filamu hazikutaka kuwapa fedha. Wakawaendea wanamuziki: Pink Floyd, Led Zeppelin, Ian Anderson wa Jethro Tull. Hao walikuwa na fedha, na walikuwa na sababu ya kuziweka mahali, maana mwaka 1974 kodi ya mapato kwa matajiri wa Uingereza ilipandishwa hadi asilimia 83. Hata hivyo, kilichopatikana hakikufika pauni 300,000. Kwa hadithi ya mfalme, mazimwi, ngome na jeshi, hiyo ni hela ya nauli. Farasi hukodiwa pamoja na mtunzaji wake na malisho yake, na waigizaji nao lazima wafundishwe kupanda.

Ujanja wa vifuu wenyewe ulikuwa wa zamani. Mafundi wa sauti wa michezo ya redio walikuwa wakiutumia miaka mingi. Kwato ni ganda gumu lenye uwazi upande wa chini, na kifuu ni hivyo hivyo. Kikitua, hewa iliyobanwa ndani hutoa mlio mfupi, mzito, wenye mwangwi kidogo. Ukikigonga kwenye mchanga unapata farasi wa jangwani. Ukikigonga kwenye jiwe, yuko mjini. Baki ni mahadhi: farasi anayetembea hupiga mapigo manne, akienda mchakamchaka yanakuwa mawili mawili. Redioni mafundi walifanya haya wamejificha nyuma ya maikrofoni. Monty Python wakamtoa fundi wa sauti hadharani, wakamvika nguo za mpambe.

Ukishauona ujanja huo wa kugeuza uhaba wa fedha kuwa kichekesho, utauona kila mahali kwenye filamu hiyo. Walikuwa wamepanga kutumia ngome kadhaa za Scotland, lakini idara ya serikali iliyozisimamia ikakataa karibu na siku ya kuanza, kwa hoja kwamba mchezo wao hauendani na heshima ya majengo yale. Zikabaki ngome za watu binafsi. Moja, Doune, ikageuzwa huku na huku ikawa ngome karibu zote unazoziona. Leo ni ya Wafaransa, kesho ni ya wasichana wanaoishi peke yao. Kwingine walisimamisha ngome ya ubao mbali kilimani, na mpambe yule yule akaropoka kwamba ni sanamu tu. Akaambiwa anyamaze.

Mavazi nayo! Deraya nyingi unazoziona ziking'aa kama vipete vya chuma zilikuwa sufu iliyofumwa na kupakwa rangi ya fedha. Mvua ya Scotland haina msimu. Sufu ikinywa maji huwa nzito na baridi, na walizivaa kutwa, kwa takriban wiki tano. Waongozaji walikuwa akina Terry wawili, Gilliam na Jones, na hakuna kati yao aliyewahi kuongoza filamu ndefu. Siku ya kwanza huko Glencoe, kamera iliharibika kwenye picha ya kwanza kabisa.

Lakini turudi kwenye nazi, maana hapo ndipo walipochimba hadi mwisho. Arthur anafika kwenye ngome, na mlinzi juu ya ukuta, badala ya kufungua lango, anamuuliza nazi ameipata wapi katika nchi ya baridi namna hii. Ubishi unaanza: labda imeletwa na mbayuwayu. Wa Ulaya au wa Afrika? Mtu wa pwani hucheka mara mbili hapo. Mbayuwayu wa Ulaya kweli huja kwetu kila mwaka wakikimbia baridi, ila ndege mwenyewe ana uzito wa gramu 20 hivi, na nazi hata ikishafuliwa makumbi inaweza kuzidi nusu kilo. Huja mikono mitupu, huondoka mikono mitupu.

Filamu inadai ni mwaka 932. Ingesogezwa mbele karne tano, mlinzi asingekuwa na la kuuliza: New College ya Oxford ina vikombe vya karne ya 15 vilivyotengenezwa kwa kifuu na kufungwa kwa fedha, enzi ambazo nazi Uingereza ilikuwa kitu cha tunu. Na Arthur yuko safarini kutafuta nini? Kikombe: ndiyo hiyo Holy Grail.

Tarehe 23 Aprili 2007, watu 5,567 walikusanyika Trafalgar Square, London, wakagonga vifuu kwa pamoja hadi wakaweka rekodi ya dunia, akina Terry wote wawili wakiwepo.

Na ile vita kuu ya mwisho, ambayo filamu yoyote ya njozi huitengea fungu nono? Waliwapanga wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stirling wakawa jeshi. Wanapiga kelele, wanaanza kukimbia, ndipo gari la polisi wa kisasa linaingia uwanjani. Mfalme anakamatwa. Askari mmoja anaifuata kamera, anaziba lenzi kwa mkono, na filamu inakatika papo hapo.