Senesio kubwa za milima yetu: DNA inasema nini kuhusu nasaba yake

Panda Mlima Kenya, Elgon au Ruwenzori hadi karibu mita 4,000 na utakuta senesio kubwa: shina nene lililovikwa majani makavu, na kileleni kishungi cha majani mapana mabichi. Shuka kidogo kwenye mlima uleule na utakuta nyingine, zenye umbo jingine na majani ya aina nyingine. Swali linalotusumbua sisi tunaosoma jeni za mimea hii ni hili: je, senesio za juu za milima yote ni ndugu, zilizotoka kwa babu mmoja aliyezoea baridi kisha akasambaa? Au kila mlima ulipata wageni wake wachache, na wajukuu wao wakagawana mwinuko hapo hapo, wengine wakabaki chini na wengine wakapanda?

Uzuri wa swali hili ni kwamba majibu mawili yanatoa utabiri unaopingana. Jibu la kwanza likiwa sahihi, DNA itakusanya mimea kwa kufuata mwinuko. La pili likiwa sahihi, itaikusanya kwa kufuata mlima.

Mwaka 1995 Eric Knox na Jeffrey Palmer walichapisha uchunguzi wa DNA ya kloroplasti (sehemu ya seli inayotengeneza chakula cha mmea na yenye DNA yake) katika sampuli 40, kutoka spishi zote 11 za jenasi ya Dendrosenecio na sehemu zote zilikojulikana kuota isipokuwa moja. Kati ya nukta za DNA karibu 1,000 walizozikagua, ni 9 tu zilizotofautiana miongoni mwa senesio zote hizo. Zilipolinganishwa na Cineraria deltoidea, ndugu wa karibu zaidi aliyejulikana wakati huo, tofauti zilifika 18. Yaani mimea inayotofautiana sana machoni imetengana juzi tu kwa hesabu ya mageuzi. Na kwa jumla mimea ya mlima mmoja ilikuwa na udugu wa karibu kuliko mimea ya milima tofauti. Walipendekeza kwamba safari ilianzia juu Kilimanjaro, ikaenda Aberdare, Mlima Kenya na Cherangani, kisha magharibi hadi Ruwenzori, halafu kusini kuelekea Virunga na Kahuzi, na tawi moja likarudi Elgon.

Hapo Elgon pana somo kubwa. Ni mlima mkongwe kuliko Kilimanjaro kwa mamilioni mengi ya miaka, lakini katika mti huo wa nasaba umepokea senesio baadaye. Umri wa mlima unakupa kikomo tu: spishi isiyoota kwingine haiwezi kuwa ilizaliwa pale kabla mlima haujainuka. Haukuambii mbegu ilitua lini. Anayechukua umri wa volkano na kuufanya ndio tarehe ya kuzaliwa kwa spishi ataivuruga saa ya molekuli, yaani kukadiria muda kwa kuhesabu mabadiliko ya DNA, tangu mwanzo, na tarehe zote zitakazofuata zitarithi kosa hilo.

Kloroplasti peke yake haitoshi. Kwa kawaida katika mimea ya jamii ya alizeti, ambamo senesio zimo, hurithiwa kwa mama, kwa hiyo husafiri na mbegu tu. Ni sawa na kutaka kujua ukoo mzima wa mtu kwa kuuliza upande wa mama peke yake. DNA ya kiini cha seli husafiri na mbegu na chavua pia. Spishi mbili za mlima mmoja zikichanganya damu, kloroplasti ya moja inaweza kuhamia kwa nyingine na kubaki humo, na mti wa nasaba ukaonyesha udugu ambao kiini cha seli hakiukubali. Pale Mlima Kenya machotara wa Dendrosenecio keniodendron na D. keniensis wanafahamika, hivyo jambo hili si la nadharia.

Ndiyo maana nathamini sana utafiti wa mwaka 2020 wa Felly Mugizi Tusiime na wenzake. Walisoma mimea 460 kutoka makundi 109, kwa mbinu ya AFLP, ambayo hukata jenomu nzima, yaani DNA yote ya mmea, na kurekodi kila kipande kama kipo au hakipo. Mbinu hiyo ni ya zamani, lakini haihitaji jenomu ya rejea (iliyokwisha somwa, ya kulinganishia) wala haihitaji kujua mmea una nakala ngapi za kila jeni. Jibu: mgawanyiko mkuu ni hafifu na unafuata jiografia kwa sehemu kubwa. Kuzoea mwinuko kumetokea sambamba, mlima baada ya mlima. Lakini pia waliona mchanganyiko kati ya milima, dalili kwamba upepo umevusha mbegu mara kadhaa juu ya nyanda za joto ambako senesio haiwezi kuota.

Sasa kwa anayetaka kufanya kazi hii. Vibali kwanza: kwa Tanzania ni COSTECH na kwa Kenya NACOSTI, tume za serikali za sayansi, pamoja na mamlaka ya hifadhi husika. Kila kundi liwe na kielelezo kilichokaushwa na kuwekwa hebaria (ghala la mimea iliyokaushwa), kama ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au ya Nairobi, maana majina ya senesio yamebadilishwa mara nyingi na bila kielelezo hakuna atakayejua ulisoma mmea gani. Kila mlima chukua makundi ya juu na ya chini, sio ya juu tu. Ukiruka ya chini, lile swali la mwanzo halijibiki hata ukisoma jenomu nzima.

Usiguse kichipukizi cha katikati. Kila kishungi kina ncha moja tu ya kukulia, na ikifa tawi hilo limekwisha. Jani bichi la pembeni linatosha: kata kipande cha sentimita chache mraba mbali na mshipa mkuu, kwa kuwa mshipa umejaa maji na huchelewa kukauka. Futa manyoya ya upande wa chini, kwani hushika vumbi, kuvu na vijidudu ambavyo baadaye utavisoma ukidhani ni senesio. Tia kipande kwenye jeli ya silika (chembe zinazofyonza unyevu) yenye uzito mara kumi wa jani, na uiondoe na kuweka mpya pale rangi yake ya kiashiria inapogeuka. Jani likichukua zaidi ya siku moja au mbili kukauka, hugeuka kahawia na DNA yake hukatika vipandevipande.

Maabara, adui wa DNA safi ni ute na fenoli, kemikali za mmea zinazogeuka kahawia. Kwa miligramu 20 za jani kavu lililosagwa, anza kwa kuosha unga kwa bafa ya sobitoli, zungusha kwenye sentrifuji, mwaga maji, na urudie hadi maji yasiwe mazito. Kisha weka mikrolita 700 za bafa ya CTAB: CTAB (aina ya sabuni inayopasua seli) asilimia 2, chumvi molari 1.4, Tris ya pH 8, EDTA, PVP (inayoshika fenoli) asilimia 2, na beta-merkaptoethanoli ukiongeza dakika ya mwisho ndani ya kabati la maabara linalofyonza hewa yenye sumu. Nyuzi 65 kwa nusu saa hadi saa nzima. Klorofomu na pombe ya isoamili kwa uwiano wa 24 kwa 1, zungusha, chukua tabaka la juu tu, na usilikaribie lile tabaka jeupe la kati. Isopropanoli baridi huangusha DNA, na ethanoli ya asilimia 70 huiosha. Kitonge kikitoka kama jeli inayoteleza, huo ni ute: rudia kuangusha kwenye chumvi nyingi. Kikitoka cha kahawia, ni fenoli, na mara nyingi PVP ilikuwa kidogo au jani lilichelewa kukauka. Pima kwa fluorometa, inayotumia rangi ing'aayo inayoshika DNA; kipimo cha mwanga wa UV pekee huhesabu uchafu pamoja na DNA.

Tatizo kubwa kuliko yote limo ndani ya mmea wenyewe. Gameti (seli ya uzazi) ya senesio kubwa ina kromosomu 50, yaani seli ya kawaida ina 100, seti kumi za kromosomu kumikumi. Programu nyingi zinachukulia kwamba kila mmea una nakala mbili za kila jeni. Zipe senesio nazo zitakuandikia majibu safi yasiyo ya kweli. Chukua toleo la jeni lililopo kwenye nakala moja kati ya kumi. Ukisoma nukta hiyo mara 10, uwezekano wa kulikosa kabisa ni asilimia 35. Ukisoma mara 30, ni kama asilimia 4. Mara 50, nusu ya asilimia moja. Kwa hiyo mimi naona heri jeni chache zilizosomwa kwa kina kuliko jenomu nzima iliyosomwa juujuu. Kwa jamii ya alizeti ipo seti ya vinasio (vipande vinavyonasa sehemu teule za DNA) vya maeneo 1,061 inayofaa kuanzia, mradi uchuje yale yanayoleta nakala za jeni zilizojirudufu zamani na zilizokwisha achana.

Lobelia kubwa, majirani zake, hazina kikwazo hicho kwa kiwango hicho: gameti zina kromosomu 14. Nazo zimegawana mlima kwa namna yake. Pale Mlima Kenya, Lobelia telekii hukaa kwenye miteremko mikavu yenye mawe, huchanua mara moja na kufa; L. keniensis hukaa mabondeni penye maji na huchanua tena na tena.

Tusiime na wenzake waligundua pia kwamba tofauti za jeni ndani ya kundi moja la senesio ni ndogo mno. Hilo linagusa upandaji upya baada ya moto, kama ule wa Kilimanjaro wa Oktoba 2020. Mbegu zikusanywe mlima uleule na mwinuko uleule, kutoka mimea mingi iliyoachana, kwa kuwa mbegu elfu za mama mmoja zinarudisha mlimani kloroplasti moja tu na nusu ya jeni zilezile. Na zikiletwa mbegu za mlima mwingine kwa sababu tu majani yanafanana, kumbuka kwamba kufanana huko kumejengwa mara kadhaa, kila mlima kwa njia yake, na hakuna ajuaye kwa macho kama jeni zinazokinga kichipukizi dhidi ya baridi ya usiku ni zilezile.