Mbu Bado Wanauma, Mtafiti Anasema Malaria Imepungua: Dhana Potofu Kuhusu Kuuelezea Umma Utafiti

Dhana: Mwananchi akibishia matokeo ya utafiti, ni kwa sababu hajasoma.

Dhana hii ndiyo kongwe, na wanaoishikilia zaidi ni watafiti wenyewe. Twende kwenye mbu wa Dar es Salaam. Mwaka 2004 jiji lilianzisha mpango wa kudhibiti malaria kwa kuwatumia wakazi wa mitaa kukagua madimbwi, mitaro na mabonde ya mboga. Kuanzia 2006, kwanza katika kata tatu, wakamwaga dawa ya kuua viluwiluwi inayotokana na bakteria. Maambukizi ya malaria kwa watoto wa kata hizo yakapungua. Sasa kamweleze hayo mtu ambaye usiku kucha alikuwa akijipiga makofi kitandani. Atakucheka, na ana haki.

Yeye anahesabu mbu wanaomuuma; mtafiti anahesabu anofelesi, mbu wanaoeneza malaria. Mbu walio wengi jijini ni kuleksi, wanaozaliana kwenye vyoo vya shimo, makaro na mitaro michafu, na hawaambukizi malaria. Hata anofelesi wakiisha wote, kelele za sikioni zitabaki palepale. Ndiyo maana kwenye mkutano wa mtaa usianze na asilimia. Chota maji ya dimbwi kwa upawa, waite watu wasogee waone: kiluwiluwi wa anofelesi hulala sambamba na uso wa maji, wa kuleksi huning'inia kichwa chini. Mbu mzima naye hujitaja mwenyewe akitua ukutani. Anofelesi huinua mkia juu, kuleksi hukaa sambamba na ukuta. Baada ya hapo, zile asilimia zina pa kukaa.

Ila usipitilize ukasema kuleksi hana neno, maana ndiye anayeeneza matende na mabusha huku pwani. Na homa ya dengi iliyolipuka jijini mwaka 2014, kisha tena 2019, ilienezwa na mbu mwingine kabisa, aedesi, anayeuma mchana na kuzaliana kwenye maji ya pipa, matairi na vifuu. Mtu aliyeambiwa miaka yote kwamba kinga ni chandarua atauliza: kwa hiyo nijifunike chandarua niende nacho Kariakoo? Swali zuri hilo, wala si utani. Mjibu.

Dhana: Damu ya utafiti inakwenda kuuzwa.

Uvumi huu una ukoo mrefu. Enzi za ukoloni, katika miji ya Afrika Mashariki, watu walisimuliana habari za mumiani, na hata wazimamoto wakashukiwa kunyonya watu damu. Kipimo cha malaria kinahitaji tone tu la kidoleni, utafiti wowote wa afya sharti upate kibali cha maadili, na mshiriki anaweza kukataa au kujitoa wakati wowote. Hayo yaelezwe kabla sindano haijatoka mfukoni. Lakini kwa maoni yangu anayeulisha uvumi ni mtafiti mwenyewe: anakuja na fomu, anaondoka na boksi la sampuli, harudi na jibu. Mtaa ukiachwa bila jibu, utalitunga.

Dhana: Mtafiti anafundisha, umma unasikiliza.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu. Nafasi kwenye friji ilikuwa ya kugombania, hivyo akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye, akiwa Sekondari ya Mkwawa, Iringa, akaja mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akauliza tena, wenzake wakamcheka. Osborne aliporudi Dar akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta taarifa kwamba maji ya moto yametangulia kuganda, akaahidi kwa bidii zote kuendelea kurudia hadi apate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala pamoja.

Osborne alikwenda Iringa kuhutubia, akarudi na kazi ya kufanya.

Dhana: Wanasayansi wakipingana, kuna anayedanganya.

Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walirudia vipimo vya Mpemba na Osborne kwa uangalifu, wakasema hawakupata ushahidi wa maana kwamba maji ya moto hutangulia kuganda. Wengine bado wanalitetea. Hakuna mwongo hapo: matokeo hubadilika kwa mambo madogo kama chombo kilichotumika, mahali kipimajoto kilipowekwa, na unachokiita kuganda, ni kufikia nyuzi sifuri au kuwa barafu. Mtangazaji wa redio akikubana useme ndiyo au hapana na zimebaki dakika tatu, zitumie zote kueleza walivyopima.