Muhuri wa mwenyekiti si idhini ya kijiji

Tangu wenyeviti wapya wa vijiji waapishwe baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa Tanzania wa Novemba 27, 2024, kitengo chetu cha sheria kinapokea malalamiko yanayofanana kama mapacha. Karatasi iliyochanwa kwenye daftari, picha mbili za pasipoti zimebanwa kwa pini, "nimemuuzia eka tano kuanzia kwenye mwembe mpaka korongoni", dole gumba, na juu yake muhuri wa bluu. Mwenye karatasi anauliza kwa nini anafukuzwa shambani wakati muhuri anao.

Ndugu mwananchi, huo ni wino. Idhini inakaa kwenye muhtasari wa kikao.

Kijiji ni chombo cha kisheria. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, inamtaka Msajili wa Vijiji aridhike kwamba kaya za kutosha zimeweka makazi na mipaka inajulikana, ndipo asajili. Kikishasajiliwa, Halmashauri ya Kijiji inapewa cheti, na kuanzia hapo inaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Mtaa wa mjini hauna hadhi hiyo, kwa hiyo tusichanganye mambo.

Halmashauri hiyo ina wajumbe 15 hadi 25: mwenyekiti, wenyeviti wa vitongoji vyote na wajumbe wengine, wanawake wakiwa angalau robo. Inakutana kila mwezi. Juu yake upo Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, angalau mara moja kila miezi mitatu. Watu husikia kipaza sauti kikipita kutangaza mkutano wakasema "hiyo ni ya wanasiasa", halafu miezi sita baadaye wanatuletea malalamiko kuhusu jambo ambalo lingezuiwa kwenye mkutano huohuo.

Sasa kwenye ardhi, kwa sababu huko ndiko kwenye vilio. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaipa Halmashauri kazi ya kusimamia ardhi kama mdhamini. Mdhamini si mwenye mali. Kifungu cha 8 kinakataza Halmashauri kugawa ardhi bila Mkutano Mkuu kuridhia kwanza. Kuridhia kwanza, si kuarifiwa baadaye. Na wewe unayeuza shamba lako mwenyewe unahitaji idhini ya Halmashauri, iliyotolewa na kikao chenye akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa, na kuandikwa. Mahakama ya Rufani ilishasema tangu 1985 kwamba shamba la kijijini likiuzwa bila idhini ya Halmashauri ya Kijiji, mauzo hayo hayana nguvu. Miaka arobaini imepita, bado tunaletewa karatasi za daftari.

Kuhusu ile "asilimia kumi ya mwenyekiti" inayodaiwa shamba likiuzwa: hakuna sheria ya nchi inayompa mwenyekiti fungu lolote la bei ya shamba. Kijiji kikitaka kutoza ada, kitunge sheria ndogo. Halmashauri inaandaa rasimu, inaitisha wakazi watoe maoni, inaipitisha, kisha inaipeleka Halmashauri ya Wilaya. Wilaya isipoidhinisha, ile ni rasimu tu, hata kama imebandikwa kwenye mbao za matangazo. Ada halali hupokelewa na Mtendaji wa Kijiji, kwa stakabadhi. Anayeomba chochote mfukoni ili agonge muhuri, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 15, imeweka faini isiyopungua shilingi 500,000 na isiyozidi 1,000,000, au kifungo cha miaka mitatu hadi mitano, au vyote viwili. Anayetoa naye yumo.

Fedha za kijiji zinatajwa kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290: ada, faini za sheria ndogo, miradi, michango na ruzuku. Ushuru wa mazao haumo. Huo ni wa wilaya, na tangu 2017 ni asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula. Kuna pia ile asilimia 20 inayotakiwa kurudi vijijini, ya ruzuku ya kufidia vyanzo vilivyofutwa mwaka 2003, kodi ya maendeleo ikiwemo. Hapa wananchi wana haki ya kulalamika, kwani haifiki kila mahali wala kila robo mwaka, na suala hilo linaendelea kufanyiwa kazi katika ngazi husika. Lakini vipo vijiji ambavyo havikusubiri. Nanjirinji, wilayani Kilwa, kimeuza mbao za msitu wake wa kijiji uliohifadhiwa kisheria na kupeleka fedha kwenye huduma za wakazi wake.

Mgogoro ukishatokea, Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, watatu wanawake, linasuluhisha tu. Halihukumu. Baraza la Kata nalo tangu 2021 linasuluhisha tu. Kwa hiyo "hukumu ya baraza" mnayotuletea kwenye bahasha za kaki haitasaidia kumwondoa mtu shambani.

Kabla ya kulipa, mwombe Mtendaji akuonyeshe muhtasari: tarehe, majina ya waliohudhuria, saini na namba ya agenda iliyotaja shamba lako. Akikuambia kitabu kipo kwa mwenyekiti nyumbani, usilipe siku hiyo.