Nansen, aliyeiacha meli yake igande kwenye barafu makusudi

Ukiongelea wapelelezi wa ncha za dunia watu wanataja Amundsen, Scott, Peary, yaani stori inakuwa nani kafika wa kwanza na nani kafia njiani. Mimi kazi yangu ni mikondo ya bahari, na kwenye fani yetu jina linalojirudia ni la mtu ambaye hakufika ncha yoyote. Fridtjof Nansen, Mnorwe, kazaliwa 1861 kafa 1930. Wanafunzi wengi wanamjua kama jina la chupa ya kuchotea maji au jina la meli ya utafiti inayopitaga huku kwetu, basi, na kwa kweli naona wanapunjwa.

Stori inaanzia kwenye meli iliyozama. Mwaka 1881 meli ya Wamarekani, Jeannette, ilibanwa na barafu kaskazini ya Siberia mpaka ikapasuka na kuzama. Miaka mitatu baadae vitu vyake vikaokotwa juu ya barafu huko Julianehåb, kusini magharibi ya Greenland, ikiwemo suruali ya baharia mmoja yenye jina lake. Sasa chukua ramani uangalie Siberia iko wapi na Greenland iko wapi. Ziko pande mbili za bahari ya Aktiki, ncha ya kaskazini iko katikati. Mtaalamu wa hali ya hewa wa Norway, Henrik Mohn, akasema lazima kuna mkondo unaokatiza huko juu. Nansen wakati huo ni kijana, yuko makumbusho ya Bergen anachungulia mishipa ya fahamu ya viumbe wadogo wa baharini kwenye darubini, akaisoma hoja ya Mohn na haikumtoka kichwani tena. Akajumlisha na magogo ya Siberia ambayo watu wa Greenland wanayaokota ufukweni siku zote, akaona kama mkondo unabeba magogo na suruali basi utabeba na meli.

Kabla ya safari hiyo ya meli, 1888, alishavuka barafu ya Greenland kwa skii na wenzake watano, wawili kati yao Wasami, yaani wenyeji wa asili wa kaskazini ya Norway, Samuel Balto na Ole Nielsen Ravna. Alianzia pwani ya mashariki ambako karibu hakuna watu akaelekea magharibi kwenye watu, makusudi kabisa, ili pasiwe na kwa kurudi. Walipofika meli ya mwisho ikawaacha, wakakaa Godthåb msimu mzima wa baridi, na hapa watu wanapapita haraka sana wakati mimi naona ndo shule yake kubwa. Wenyeji wa Greenland walimfundisha kayaki, ule mtumbwi wao mwembamba, kuwinda, kuvaa ngozi. Bila hayo asingerudi hai safari iliyofuata.

Meli sasa. Fram ilijengwa na Colin Archer, mjenzi wa Larvik, ikashushwa majini 1892. Mita 39 kwa urefu, mita 11 kwa upana, kwahiyo fupi na nene, ubavu wa mbao tabaka kwa tabaka, na chini imeviringwa ili barafu ikibana ichomoke kwenda juu kama kokwa ya embe kati ya vidole. Usukani na propela vinanyanyuka. Juu wakaweka kinu cha upepo cha kuzalisha umeme wa taa, mana usiku wa kule ni wa miezi. Wazee wa fani walimpinga. Greely, Mmarekani ambaye watu wake wengi walikufa Aktiki, aliona huu ni mpango wa kujiangamiza. Mimi nikisoma hoja zao nawaelewa, mana kila mtu kabla ya Nansen alikuwa anapambana asibanwe na barafu, na huyu anaenda kujibanisha mwenyewe.

Wakaondoka Juni 1893, watu 13 jumla, na Septemba wakaganda kaskazini ya visiwa vya New Siberia. Hapo ndo kazi ikaanza, na hapa ndo nataka nikae kidogo.

Kwanza kina. Watu wa sayansi waliamini bahari ile ina kina kifupi, Nansen mwenyewe aliamini hivo, akabeba kamba za bildi, yaani za kupimia kina, za kina kidogo tu. Wakatupa bildi haigusi chini. Wakafumua waya mmoja wa chuma wa meli, wakausokota upya wapate kamba ndefu, wakiwa kwenye baridi ile, na wakakuta zaidi ya mita 3,000. Nadharia ya bahari fupi ikaisha palepale. Halafu joto. Juu maji ni ya baridi sana na chumvi yake ndogo, lakini ukishuka kama mita 200 unakuta maji ya uvuguvugu zaidi na yenye chumvi nyingi, maji ya Atlantiki yameingia chini chini kwa sababu ni mazito. Hiyo tabaka ya baridi ya juu ndo inayoilinda barafu isiyeyushwe kutoka chini. Kitu kikubwa sana hiki, ntakirudia mbele.

Tatu, na hii ndo inatugusa sisi huku. Nansen aliona barafu haiendi upepo unakoelekea, inapinda kulia kwa nyuzi 20 mpaka 40. Akahisi ni mzunguko wa dunia. Hesabu ikafanywa na kijana Mswidi, Vagn Walfrid Ekman, akaonyesha kwamba upepo unasukuma tabaka la juu ya maji, hilo linaliburuza la chini yake, kila tabaka linapinda zaidi na kupungua nguvu, na ukijumlisha yote maji yanaenda pembe mraba na upepo, kulia kwa kaskazini ya ikweta na kushoto kwa kusini. Kila mtu anayesoma bahari leo anaanza na hii.

Sasa chukua kusi. Somalia, kaskazini ya ikweta, kusi inavuma kufuata pwani kuelekea kaskazini mashariki, maji yanapinda kulia yaani yanakimbia pwani, na nafasi yake inajazwa na maji baridi ya chini yenye virutubisho, ndo mana bahari ile ina samaki wengi kiasi kile. Njoo Tanga, Dar, Mtwara, kusi hiyohiyo lakini tuko kusini ya ikweta kwahiyo maji yanapinda kushoto, yanajaa kwenye pwani, maji ya chini hayapandi. Kaskazi ikija mambo yanageuka. Karibu na ikweta kupinda ni kudogo na kuna mambo mengine yanaingilia, lakini msingi ndo huo, na umetoka kwenye daftari la mtu aliyekaa juu ya barafu akilinganisha upepo na mwendo wa meli yake.

Kuna na ile siku karibu na Taimyr, pwani ya Siberia, kabla hawajaganda, Fram ikawa haisogei wakati injini inafanya kazi vizuri na bahari shwari. Ekman baadae akaonyesha kwenye tangi kwamba juu kulikuwa na maji matamu ya barafu iliyoyeyuka, chini maji ya chumvi, na nguvu ya meli inaishia kutengeneza mawimbi kwenye mpaka wa tabaka mbili, mawimbi ambayo huyaoni kwa macho.

Mkondo ulikuwa wa polepole na ukaonekana hautapita juu ya ncha yenyewe. Machi 1895 Nansen akamwachia nahodha wake Otto Sverdrup meli, akaondoka na mwenzake Hjalmar Johansen, mbwa 28, sleji tatu za kuburuzwa juu ya barafu na kayaki mbili. Aprili 8 wakafika nyuzi 86 na dakika 14, hakuna binadamu aliyekuwa ameshafika huko juu kiasi hicho, na wakageuza, mana barafu ilikuwa vurugu na inarudi kusini wakati wao wanatembea kwenda kaskazini. Saa zao zikasimama, wakawa hawana uhakika wako wapi. Wakajichimbia kwenye visiwa vya Franz Josef Land ndani ya kibanda cha mawe na ngozi za walrasi, msimu mzima wanakula dubu na kulala. Juni 1896 kayaki zilichukuliwa na upepo zikiwa na kila kitu walichonacho na Nansen akajitupa kwenye maji yale ya barafu akazifuata akiogelea. Siku chache baadae akasikia mbwa wakibweka, na akakutana na Mwingereza, Frederick Jackson, aliyekuwa kule na msafara wake. Agosti 13 akafika Vardø, Norway, na siku hiyohiyo Fram ikatoka kwenye barafu karibu na Spitsbergen. Wote 13 walirudi hai. Johansen maisha yake hayakuishia vizuri, alijiua 1913, na jina lake linastahili kutajwa kila linapotajwa la Nansen.

Ya baadae nayapitia haraka ingawa ndo yaliyompa Nobeli. Baada ya vita kuu ya kwanza Umoja wa Mataifa wa wakati ule ulimpa kazi ya kurudisha wafungwa wa vita, zaidi ya 400,000 wakarudi makwao, halafu wakimbizi. Warusi waliovuliwa uraia walikuwa hawana karatasi yoyote, hawawezi kuvuka mpaka, 1922 akapitisha pasi iliyobeba jina lake na ikatambuliwa na nchi zaidi ya 50. Stravinsky na Chagall waliibeba. Pia aliunga mkono kubadilishana watu kati ya Ugiriki na Uturuki, zaidi ya watu milioni moja wakang'olewa kwao kwa lazima, na hilo siwezi kulisifia hata kama aliona ndo njia ya kuzuia mauaji zaidi. Kwa Waarmenia alihangaika miaka kutafuta pesa na serikali zikamnyima.

Meli ya utafiti ya Norway na FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, yenye jina lake imekuwa ikipima bahari za nchi zetu toka miaka ya 70, na ya tatu, iliyoanza kazi 2017, ilifika Tanzania 2018. Kule Aktiki nako, 2019 Wajerumani waliigandisha meli yao ya utafiti, Polarstern, kwa mtindo uleule wa Fram, wakakuta barafu nyembamba na ikawabeba haraka kuliko walivyotarajia. Na yale maji ya uvuguvugu ya Atlantiki aliyoyakuta Nansen chini, upande wa mashariki wa bahari ile sasa yanasogea juu, tabaka la baridi linalokinga barafu linazidi kudhoofika, na wanaopima hilo vipimo vyao vya zamani kabisa vya kulinganisha ni vya Fram, 1893 mpaka 1896.