Wild Coast kwa Mfuko Mdogo: Yasemwayo na Yaliyopo

Wild Coast ni pwani ya jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini, kuanzia Mto Kei hadi Mtamvuna, nchi ya Waxhosa na Wampondo. Wengi wanaoisimulia wameiona pichani tu.

"Bila gari lako hufiki." Unafika. Kutoka barabara kuu ya N2 kuna lami hadi Coffee Bay, ingawa ina mashimo ya kutosha. Pale mjini Mthatha panda teksi, ambayo kwao ni kigari cha abiria kama daladala au matatu, na haiondoki mpaka ijae. Konda hakuna. Nauli hupitishwa mkono kwa mkono kutoka viti vya nyuma, na aliyekaa kando ya dereva ndiye anayehesabu na kurudisha chenji. Kama hesabu zinakupiga chenga, kaa nyuma. Pesa taslimu zitoe hukohuko Mthatha.

"Ni kutembea ufukweni tu." Huyo anafikiria Diani au Paje. Hapa ni majabali, vilima vya nyasi vinavyokatika ghafla baharini, na mito mingi isiyo na daraja mlangoni. Mto mdogo huvukwa maji yakikupwa, mzigo kichwani. Kwenye mkubwa, mlipe mwenye mtumbwi. Kuogelea Port St Johns ni kujitakia: papa wameua watu kwenye ufukwe wake wa Second Beach. Mvua nyingi hunyesha kati ya Novemba na Machi, mito ikajaa. Juni na Julai ni kukavu, na ndio msimu wa sardini kupita kwa makundi, pomboo nyuma yao. Malaria haipo.

"Ardhi haina mwenyewe, piga hema popote." Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Nyumba za msonge zimetawanyika vilimani, basi mgeni anaona pori. Kumbe kila mteremko una malisho, mashamba na makaburi ya watu. Uliza nyumba ya karibu, utapelekwa kwa mkuu wa kijiji. Wenyeji wa Xolobeni, eneo la pwani hiihii, walikwenda mahakamani kupinga mgodi wa titani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Pretoria ikaamua kwamba leseni haiwezi kutolewa bila ridhaa yao. Serikali yenyewe imeambiwa ibishe hodi, sembuse mwenye hema!

"Watu wa jadi hawajali hela." Wanazijali kama wewe. Kule Nqileni, loji ya Bulungula ni mali ya wanakijiji, na wanaokupeleka mtumbwini au kukupandisha farasi wanaishi kwa kazi hiyo. Bei wanayotaja tayari ni ya chini. Kuishusha tena ni ubahili.

"Vijana waliojipaka udongo mweupe ni maonyesho." Ni wari wa jando, na mambo yao ni ya siri. Usipige picha, usiisogelee kambi yao hata kwa salamu.