Kwa nini ORS, ile pakti ya kuchanganya na maji anayopewa mtu anayeharisha, ina sukari, kwa nini isiwe chumvi tu?

Hili swali tunaulizwa sana kila mvua zikianza na kuharisha kukishika kasi. Mtu anakunywa maji yanatoka yote, halafu unampa kapakti ambako ukikaonja ni chumvi na sukari tu, anapata nafuu. Inakuwaje?

Iko hivi, kila seli imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta. Oksijeni inapenya yenyewe, ila chumvi na sukari hazipenyi hovyo, lazima zipite kwenye milango ya protini. Maji nayo hayana pampu yake, yanafuata kule chumvi iliko, ndo ile osmosisi tuliyosoma sekondari.

Sasa sumu ya kipindupindu inafanya mlango wa kloridi kwenye seli za utumbo ukae wazi muda wote, kloridi inamwagika nje, sodiamu inafuata (hizo mbili ndo chumvi yenyewe), maji nayo yanafuata, na mtu mzima anaweza kupoteza hata lita nzima kwa saa. Ukimpa maji matupu hayana cha kufuata.

Ila kuna mlango mmoja sumu haiugusi, unaitwa SGLT1. Huu ni kama kadi ya harusi ya dabo yenye mlinzi mnoko, sodiamu bila glukosi, yaani sukari, haiingii, zinaingia pamoja, sodiamu mbili kwa glukosi moja. Zikishaingia, maji yanakuja nyuma yake. Mwanasayansi Robert Crane ndo alieleza jambo hili mjini Prague mwaka 1960, na mwaka 1971 Dk. Dilip Mahalanabis akalitumia kwenye kambi ya wakimbizi wa Bangladesh huko Bangaon, India, dripu zilipokuwa zinaisha, vifo vikashuka kutoka kama asilimia 30 hadi chini ya 4.

Kwa hiyo sukari humo siyo ya kunogesha. Na msiongeze! Ikizidi inabaki utumboni na kuvuta maji kutoka mwilini, kuharisha kunazidi, ndo maana soda haifai kabisa. Soma pakti inataka maji kiasi gani, zingine za lita moja zingine nusu lita. Mtoto akitapika subiri dakika 10 kisha mpe kijiko kijiko, akilegea au akishindwa kunywa wahi hospitali, huyo anahitaji dripu.