Herufi hazipangwi kwa bahati, jamani

Jana tena. Nimekaa zangu kijiweni Ngamiani na kahawa yangu, jamaa kanirudishia fumbo langu, lile la kupanga herufi zilizovurugwa mpaka zitoe neno, limechorwachorwa hadi karatasi imetoboka, ananiambia "shehe, hii kitu yako bahati nasibu tu, unazungusha herufi mpaka litoke." Nimechoka kulisikia hili.

Haya tuhesabu. AMKISA. Herufi 6, A ziko mbili, ukizungusha ovyo una mipangilio 360. Ila neno letu linaishia na irabu, na mara nyingi konsonanti na irabu zinapokezana, hapo zinabaki 18. Kumi na nane! Hata kashata haijaisha mdomoni. (Chunga M na N tu, hizo hukaa bila irabu, ndo maana "mkonge" unawatoa jasho watu hapahapa Tanga.)

Sasa balaa lenyewe. AMKISA ni samaki, ni masika, na ni kamasi, zote Kiswahili safi. Jamaa kaona kamasi, karidhika, kaandika kwa peni. Herufi zenye viduara ndo zinashuka chini kuunda neno la mwisho, na hapa viduara viko herufi ya 1 na ya 2, kwa hiyo kashuka na K na A. Neno la pili yeye kapata habari, mimi nilitunga bahari, haina neno, maana viduara viko ya 1, ya 3 na ya 6, B na H zinabadilishana viti tu. Chini ana K, A, B, H, I, na kidokezo kinasema "likikufika unasogeza sahani". Siku mbili anazungusha herufi ambazo hazina kitu ndani! Si urudi juu ujiulize hiyo K umeitoa wapi? Ukikwama chini kosa liko juu, lile neno la mwisho ndo linalosahihisha mengine. Weka S ya samaki: shiba. Au bisha, ambayo ndo kazi aliyoichagua yeye mpaka muuza kahawa akacheka.

Ila na mimi yananikera yangu. SH naipa vibox viwili wakati mdomoni ni sauti moja, na nikiipa kimoja inajitangaza, fumbo linakuwa mteremko. NG' ya ng'ombe nimeshaikimbia. Halafu kuna "makasi", nayo imo humohumo kwenye AMKISA: mara ya kwanza niliipokea, mara ya pili nikasema sema mkasi, na niliyemkatalia hajanisalimia mpaka leo.